Banda la zana limekaa kama mgeni kwenye bustani ya nyuma. Tulifanyeje lipatane na mimea?

Kona_ya_Nyuma (mleta uzi)

Habari za humu wakuu.

Naleta jambo ambalo limeninyima raha kwa miezi mitatu sasa. Nina bustani nyuma ya nyumba, upana wake mita 11 na urefu mita 17 hivi, nimeilea kwa miaka sita, mche mmoja mmoja. Muda wote huo zana zilikuwa zinalala verandani: toroli, reki, sepetu, mpira wa maji, mashine ya kukata nyasi. Mwishowe nikanunua banda la mbao lililokuwa tayari, mita 3 kwa 2.4. Paa lake ni la bati, la mteremko mmoja unaoshuka kuja upande wa nyumba: nyuma kimo mita 2.5, mbele kwenye mlango mita 2.1.

Mafundi walilisimamisha kwa siku moja. Jioni nikasimama kwenye dirisha la jikoni kama ninavyofanya kila siku, nikaishiwa nguvu. Kuta za krimu, fremu nyeupe, bati jipya linamulika. Bustani yote imekuwa kama imepangwa ili mtu atazame banda.

Nikanunua rangi ya kijani nikalipaka, nikiamini kwamba kijani katikati ya majani kitapotea. Sasa linaonekana kuliko lilivyokuwa na krimu, na sielewi kwa nini.

Liko kona ya mbali ya kushoto, mita 15 kutoka dirishani. Nyuma na ubavuni limebakiza sentimita 15 tu kufika kwenye uzio. Mbele yake ni nyasi tupu. Upande wa kulia, mita 4 kutoka ukuta wake, kuna mti wangu mkubwa, shina lina unene wa sentimita 30. Ng'ambo ya uzio kuna miti mirefu ya jirani. Njia ya kwenda bandani haipo, tunakanyaga nyasi na tayari pameanza kuchakaa.

Nipande mimea ya kutambaa ilifunike lote? Nilihamishe? Nipake rangi gani? Kulibomoa sitaki, zana zinahitaji pa kukaa.

Mche_Mchanga

Pole sana. Mimi ningepanda ile mimea inayong'ang'ania ukuta yenyewe kwa vijizizi, pande zote. Inakua haraka. Misimu miwili tu hulioni tena.

Seremala_Mstaafu

Mche_Mchanga nakuheshimu, ila ushauri huo umemaliza mabanda mengi niliyoitwa kuyakarabati.

Ukuta wa mawe unaweza kubeba mmea wa vijizizi miaka mingi. Ukuta wa mbao hauwezi. Mbao haiozi kwa sababu imenyeshewa, inaoza kwa sababu haikupata nafasi ya kukauka. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji ibaki na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi kwa muda mrefu. Majani yakishalala juu ya mbao, mvua ya leo inakuta ya juzi haijatoka. Vijizizi navyo vinaingia kwenye maungio na kuyapanua, vinapenya chini ya bati na kulinyanyua. Na siku ukitaka kupaka rangi utashindwa, maana ukiuvuta mmea unatoka na rangi yake.

Kama mleta uzi unataka mmea juu ya ukuta, tengeneza fremu ya vipande vyembamba vya mbao, uitenganishe na ukuta kwa vitalu vya sentimita 5 hadi 10 hewa ipite. Halafu nakupa siri ya kazi: chini ifunge kwa bawaba, juu kwa ndoano. Mwaka wa kupaka rangi unafungua ndoano, unailaza fremu yote na mmea wake taratibu, unapaka, unaisimamisha. Kwa hiyo chagua mmea mwepesi wenye shina laini linalopindika. Asmini inafaa. Bogenvilia haifai hapo, ni nzito, shina linakuwa gumu kama nguzo, na miiba yake iko jirani na mlango unaopitisha toroli.

Jambo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Sentimita 15 nyuma na ubavuni! Mkono na brashi havipiti hapo. Majani yatajaa, yatashika maji, panya watazaliana, na wewe hutaona chochote mpaka ubao wa chini ugeuke unga. Kabla ya habari ya urembo, hilo banda lisogee. Sentimita 60 ndiyo nafasi ya mtu mzima kupita ubavu. 45 kwa shida.

Rangi_za_Udongo

Naomba nijibu hilo la kijani, maana ni kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, na lina maelezo.

Jicho linapotazama mbali, kitu cha kwanza linachokamata ni tofauti ya mwanga na giza. Jina la rangi linakuja baadaye. Chukua simu, piga picha ukiwa hapo hapo dirishani, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Tafuta sehemu yenye weupe mkubwa kuliko zote. Ninaamini utakuta ni bati na fremu za mlango, na kijani chako kimekuwa kijivu cheupe kilicholala bapa katikati ya kijivu chenye madoa.

Sasa tazama kichaka chochote kwa utulivu. Kijani cha majani si kimoja. Kuna jani lenye umanjano, lenye udhurungi, lililopigwa na jua, na katikati ya majani kuna kivuli kilicho karibu na weusi. Hicho kivuli ndicho kingi. Kijani cha kopo ni kimoja tu kuanzia chini hadi juu, mara nyingi kimeegemea buluu, na kinang'aa. Majani yenyewe yanakisuta.

Kwa hiyo ukitaka banda lirudi nyuma, lipake rangi ya kivuli: nyeusi iliyochanganywa na udhurungi, au zeituni nzito kabisa, au kijivu cha mkaa. Isiwe inayong'aa. Mlango na fremu zake vipake rangi ile ile ya ukuta, maana ukizipaka nyeupe unauchorea mlango mstari. Ukishafanya hivyo utaona jambo la kupendeza: mmea wowote utakaosimama mbele ya ukuta ule utang'ara kama umewekwa kwenye fremu. Kule Dungeness, pwani ya Uingereza, msanii Derek Jarman alikuwa na nyumba ya mbao nyeusi yenye madirisha ya manjano, akatengeneza bustani yake kuizunguka juu ya changarawe tupu za ufukweni. Weusi ule ndio unaofanya kila kijimmea kionekane.

Usipake kwa kukisia. Chukua vipande vitatu vya ubao wa sentimita 60 kwa 60, kila kimoja rangi yake, viegemeze kwenye banda. Virudie asubuhi, mchana na magharibi ukiwa dirishani. Kinachokusumbua kukipata kwa macho ndicho chako.

Bati jipya la mabati yaliyopakwa zinki halishiki rangi ya kawaida, itabanduka kama ngozi ya nyoka. Lioshe mafuta ya kiwandani kwanza, lipigwe praima ya kazi hiyo, ndipo rangi isiyong'aa.

Jua_la_Mchana

Rangi_za_Udongo umeeleza vizuri, lakini kuna upande hujaugusa na mimi ndio ulioniumiza. Nililipaka banda langu jeusi lote, paa hadi chini, na linapigwa na jua kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja. Ndani pakawa tanuri. Mbegu nilizozihifadhi kwa mwaka mzima zikagoma kuota karibu zote. Kidumu cha petroli ya mashine kilivimba nikapata hofu. Mbao zilianza kutoa utomvu kwenye vifundo, na zile za upande wa magharibi zikapasuka.

Uzuri wa kutazamwa kutoka dirishani una gharama kwa vilivyomo ndani. Mleta uzi, angalia jua linalipiga wapi kabla hujafungua kopo.

Rangi_za_Udongo

Umenena kweli, na nilipaswa kuanza na hilo. Kinachohitaji giza ni zile kuta zinazoonekana kutoka nyumbani, kwake ni mbili tu, ya mlango na ya kulia. Zile zinazotazama uzio zipakwe rangi nyepesi. Paa lake kwa bahati mbaya limeinamia nyumba, kwa hiyo linaonekana, lakini si lazima liwe jeusi. Kijivu cha wastani chenye udhurungi, kisichong'aa, kinatosha kuua mmuliko. Chini yake apigilie dari nyepesi akiacha nafasi ya hewa kati ya dari na bati. Atoboe matundu ya hewa mawili, moja chini ukuta mmoja na jingine juu ukuta wa pili, yote yawe na wavu. Hewa moto inapanda na kutoka yenyewe. Mafuta ya mashine ni bora yasikae humo kabisa kama pana joto.

Kivuli_cha_Mti

Nimesoma uzi wote, na ninaona bado tunalizunguka banda lenyewe. Wacha niwarudishe dirishani.

Mleta uzi, banda liko mita 15 kutoka kwako. Watu wengi wakitaka kuficha kitu wanapanda pale pale kilipo. Fanya hesabu. Ukisimama macho yako yako kwenye kimo cha mita 1.6 hivi. Ncha ya juu ya banda ni mita 2.5. Ukipanda mmea mguuni pa banda, ili uzibe wote unahitaji ufike mita 2.5 na utanuke mita 3. Sasa panda katikati ya safari, mita 7.5 kutoka dirishani. Mstari kutoka kwenye jicho hadi ncha ya banda unapita hapo ukiwa kwenye kimo cha mita 2.05, na upana unaohitajika ni nusu, mita 1.5. (Hapo nimechukulia ardhi ni tambarare na sakafu ya jikoni haijainuka. Ikiwa imeinuka, chukua kimo cha jicho lako kutoka usawa wa bustani.) Kichaka kimoja tu cha mita mbili kinafanya kazi ya ukuta mzima wa mimea!

Lakini usizibe lote. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona bustani nyingi zikifa kwa kuzibwa. Kitu kilichozibwa chote kinakuwa ukuta, na bustani inaishia kwenye ukuta huo. Kitu kilichozibwa theluthi moja kinaiambia akili kwamba bustani inaendelea kule nyuma. Kichaka chako kikate kona moja ya banda na sehemu ya paa, mlango uonekane nusu. Nakupendekezea kona ya kulia, kwa sababu ndiyo iliyosimama wima peke yake dhidi ya nyasi. Mistari ya wima ya kona ndiyo inayomsaliti mgeni. Majani hayana mstari ulionyooka hivyo.

Kwenye mguu wa banda panda kwa ngazi, mirefu kwenye kona, ya kati mbele yake, mifupi ikimwagika hadi kwenye nyasi. Usipande kwa mstari sawia kuzunguka kama mkufu, hilo linazidi kulitangaza. Na mimea hiyo iwe ile ile uliyonayo tayari sehemu nyingine za bustani. Ukileta aina mpya kwa ajili ya banda tu, jicho litajua. Ukirudia nyasi ndefu zile zile zilizo karibu na veranda, banda linakuwa la ukoo.

Tahadhari moja kuhusu mianzi, kwa kuwa najua mtu ataitaja. Ipo inayokaa kichaka kimoja na ipo inayosafiri chini ya ardhi. Ile ya pili itatokea kwa jirani na chini ya sakafu ya banda.

Bonde_na_Kilima

Naomba kupingana nanyi nyote kwa heshima. Mbona mnalichukulia banda kama aibu?

Bustani bila mahali pa kufikia inachosha. Karne ya 18, Henry Hoare alipotengeneza bustani ya Stourhead huko Uingereza, alijenga mahekalu kuzunguka ziwa kwa makusudi, ili anayetembea aone jengo ng'ambo ya maji, atamani kufika, akifika aone jingine. Jengo ndilo lililokuwa linamwita. Ya kwetu ni mita 3 kwa 2.4, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Banda likipewa njia inayofika mlangoni, benchi ubavuni, na mahali pa kutua toroli, halitakuwa mgeni tena. Litakuwa ndiyo sababu ya mtu kushuka bustanini.

Nadhani kinachomuumiza mleta uzi ni kwamba banda limewekwa pale bila uhusiano na chochote. Hakuna njia, hakuna jiwe linalofanana na la nyumba, hakuna mmea unaoligusa. Hata lingekuwa jumba la kifahari lingeonekana vile vile.

Kivuli_cha_Mti

Bonde_na_Kilima sioni kama tunapingana. Kichaka cha katikati na njia vinafanya kazi pamoja. Njia ikinyooka moja kwa moja kwenda mlangoni inakuwa mshale. Ikipinda bila sababu watu wataikata kwenye nyasi, utakuwa na njia mbili. Lakini ikipinda kukizunguka kile kichaka, mguu unakubali, kwa kuwa kuna kitu cha kuzunguka. Banda linajificha na kujionyesha kadiri unavyotembea.

Upana usipungue sentimita 90, toroli inahitaji nafasi na viwiko vyako pia. Mbele ya mlango acha uwanja wa mita 1.2 kwa 1.2. Tumia jiwe au tofali lile lile lililoko verandani, hata kama ni la pembeni tu na katikati ni changarawe.

Pia una hazina ambayo hujaitaja zaidi ya mstari mmoja: miti ya jirani. Wajapani wana desturi wanayoiita shakkei, mandhari ya kuazima. Pale kwenye hekalu la Entsu-ji, Kyoto, ua wa mimea umekatwa chini ukificha yaliyo katikati, na Mlima Hiei ulio mbali unaonekana juu yake kana kwamba ni wa bustani ile. Usipande kitu kirefu nyuma ya banda kikaziba ile miti. Iache ionekane juu ya paa, halafu chagua kichaka cha mbele chenye majani yanayofanana na yake. Banda litabanwa katikati ya majani yanayoongea lugha moja, ya mbele ni yako, ya nyuma umeyaazima.

Tone_la_Umande

Mimi nilitaka kuuliza, je paa lenyewe akilipanda nyasi na mimea ya majani manene? Nimeona picha, inavutia mno, na kwake paa linaonekana kutoka dirishani.

Seremala_Mstaafu

Inavutia, na nimejenga mawili. Lakini hayo yalijengwa kwa kazi hiyo tangu msingi. Udongo wa kawaida uliolowa, unene wa sentimita 10 tu, unaweza kuzidi kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Paa lake lina kama mita 8 za mraba, ambayo ni zaidi ya tani moja juu ya papi za banda la dukani. Hata ukitumia mchanganyiko mwepesi wa kazi hiyo, bado unahitaji nguzo, kenchi nzito, tabaka lisilopitisha maji, kizuizi cha mizizi na pa maji kutokea. Asifanye juu ya banda hilo.

Mleta uzi, paa lako linamwaga maji mbele, juu ya mlango. Umeshaona matope yaliyorukia ukutani? Weka gata. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inakupa karibu lita 80 ukitoa kidogo inayopotea. Tangi la lita 200 ubavuni, lililopakwa rangi ile ile ya ukuta, linajaa kwa mvua chache. Na chini ya kuta zote, weka mkanda wa changarawe wa sentimita 30 badala ya udongo. Matone hayarushi tope, na mimea inaanzia pale mkanda unapoishia. Udongo usiguse mbao mahali popote, mchwa wanasubiri hilo tu.

Kona_ya_Nyuma (mleta uzi)

Nimesoma kila neno, nimeandika kwenye daftari. Picha ya nyeusi na nyeupe nimepiga leo, na Rangi_za_Udongo umesema kweli, bati lilikuwa kama taa.

Kabla sijalisogeza, swali moja. Nikilivuta mbele na kulia ili nipate zile sentimita 60, nitakuwa nimeukaribia mti. Kuna hatari?

Kivuli_cha_Mti

Swali zuri sana. Mizizi mingi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na inasambaa mbali. Kipimo kinachotumika Uingereza wakati wa ujenzi ni kuchukua kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, ukakizidisha mara 12. Kwako 30 mara 12 ni sentimita 360. Ndani ya mzunguko wa mita 3.6 kutoka kwenye shina usichimbe, usimwage zege, usishindilie udongo.

Banda liko mita 4. Unaweza kulisogeza kulia sentimita 40, basi. Ubavuni utapata 55, inapitika. Kwenda mbele pima upya kutoka kwenye shina hadi kona kabla ya kuanza, kwa sababu umbali utabadilika. Na njia ikipita ndani ya mzunguko ule, iweke juu ya ardhi kama ilivyo, kitambaa cha kupitisha maji na changarawe juu yake, bila kuchimba.

Seremala_Mstaafu

Kulisogeza si kazi ya kuogopa. Litoe vitu vyote, toa mlango, pigilia papi za mshazari ndani ili lisipindike. Inua upande mmoja mmoja kwa jeki, ingiza mbao ndefu chini, juu yake mabomba ya mviringo. Watu wanne, pole pole. Msingi mpya uandae kabla: changarawe iliyoshindiliwa na vitalu vya zege juu yake, sakafu ibaki imeinuka sentimita 15 hivi hewa ipite chini. Ila upande ulio jirani na mti usishindilie kwa mashine, weka vitalu tu. Na kabla ya yote, uliza kanuni za eneo lako kuhusu umbali kutoka mpakani, sehemu nyingi zipo.

Kona_ya_Nyuma (mleta uzi)

Nimerudi wakuu, ni miezi tisa sasa. Sikutaka kuandika mpaka mimea ishike.

Banda tulilisogeza Jumamosi moja, wanne, kwa mabomba kama alivyosema Seremala_Mstaafu. Tulipolitoa, nyuma palikuwa na majani yaliyolowa kimo cha kiganja na ubao wa chini ulikuwa umeanza kuwa laini kwa urefu wa nusu mita. Miezi mitatu tu! Nikakata kipande nikabadilisha. Nakushukuru kutoka moyoni, nisingeliona kamwe.

Rangi nilijaribu tatu. Nyeusi safi ilionekana nzito kupita kiasi asubuhi, kama shimo. Zeituni nzito ilipendeza mchana lakini magharibi ilibaki inaonekana. Nyeusi yenye udhurungi ndiyo iliyoshinda, kuta mbili na mlango. Zinazotazama uzio nimeacha krimu ya mwanzo, maana brashi ya kijani haikupita kule. Paa kijivu. Nimeweka dari na matundu mawili, na mbegu nimezihamishia ndani ya nyumba.

Kichaka cha katikati nilikipanda kikiwa na kimo cha mita 1.2, sasa kina 1.6. Bado hakijafika mita mbili ila tayari kinakata kona ya kulia, na njia inakizunguka. Jambo ambalo sikulitegemea: watoto sasa wanatembea hadi bandani bila sababu, wanakaa kwenye benchi la ubavuni na kurudi. Zamani ile kona haikuwa na mtu.

Nilikosea sehemu moja. Mimea ya mguuni niliipanda karibu mno na mkanda wa changarawe, imeshaulalia ukuta. Nitaihamisha sentimita 40 mbele mvua zikianza.

Bonde_na_Kilima

Umenifurahisha sana na hilo la watoto. Taa umeweka?

Kona_ya_Nyuma (mleta uzi)

Moja tu, ndogo, ya mwanga wa njano, juu ya mlango ikitazama chini. Ya kwanza ilikuwa nyeupe kali na ilirudisha tatizo lote usiku, banda likawa jukwaa. Hii inaangaza kizingiti na jiwe la mwisho la njia, kuta zinabaki gizani.

Mche_Mchanga

Mimi ndiye niliyetoa ushauri wa vijizizi, na nimejifunza mengi hapa. Fremu ya bawaba uliitengeneza? Mmea gani umeweka?

Kona_ya_Nyuma (mleta uzi)

Niliitengeneza ukuta wa kulia, mita 1.8 kwa 1.8, bawaba tatu chini na ndoano mbili juu. Nimeweka asmini miche miwili, niliipanda sentimita 30 nje ya mkanda wa changarawe na kuilaza kidogo kuelekea kwenye fremu. Imefika nusu. Mwezi uliopita niliilaza fremu mara moja kujaribu, mashina yalipinda bila kuvunjika, nikakuta buibui na majani makavu machache, ukuta mkavu kabisa. Usiku dirisha la jikoni likiwa wazi harufu inafika.